Bei ya Juu, Bei ya Chini

Nilitapeliwa mnadani mwezi Machi 2023, nikiwa nimejilaza kitandani, hosteli, saa nne usiku. Ukurasa wenyewe ulikuwa na wafuasi wengi na picha safi za kompyuta za mtumba. Kila Jumapili mwenye ukurasa alitangaza mnada: anataja bei ya kuanzia, watu wanapandishiana kwenye maoni, saa nne kamili anafunga. Jumapili ile nilishinda mimi, kwa shilingi 310,000. Nilifurahi kama aliyefunga goli dakika ya tisini. Nikatuma pesa kwa simu kwenye namba niliyopewa. Jina lililotokea halikuwa la duka wala la yule mtu, nikajiambia labda ni mhasibu wao. Kulipokucha nilikuwa nimeshazuiwa, ukurasa siuoni tena.

Sikumwambia mtu kwa wiki mbili. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", na kila mmoja huwacheka wanaonaswa. Mimi nilinaswa kwa njia ndefu zaidi, tena nikagombania kunaswa. Ubaya zaidi, pesa haikuwa yangu. Alinitumia bibi yangu, mzaa mama, kutoka Newala, ikiwa ni sehemu ya malipo ya korosho zake za msimu uliopita, ili ninunue kompyuta ya kuandikia tasnifu.

Nilipompigia, nilianza kwa salamu ndefu kuliko kawaida yangu, naye akajua kuna jambo. Nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikasikia kuku wake wakigombana uani. Kisha akauliza:

"Huo mzigo ulikuwa ghala gani?"

"Hakukuwa na ghala, bibi. Ni mtandaoni."

"Nani aliupima?"

"Hakuna."

"Sasa mjukuu wangu, mlikuwa mnanadi nini?"

Wakati huo nilikuwa nimeshaandikisha mada nyingine kabisa, kuhusu shule za misheni ya Masasi, ile iliyoanzishwa na Waanglikana wa UMCA mwaka 1876. Ni mada nzuri na wameiandikia wengi. Lakini maswali ya bibi yalinikaa kichwani. Hakuyatunga siku ile. Ni maswali ambayo watu wa kwetu wamejifunza kuyauliza kwa hasara, moja baada ya jingine, na kila moja lina mwaka wake. Niliomba kubadilisha mada. Msimamizi wangu alishusha pumzi, akasaini.

Kwa asiyekujua kwetu: Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe matupu vinavyochomoza kama migongo ya tembo. Ukitoka hapo barabara inapanda uwanda wa Makonde, ukifika Newala uko ukingoni, bonde la Ruvuma limelala chini yako na ng'ambo ni Msumbiji. Juu huku mvua hunyesha lakini maji hayakai; mchanga hunywa yote. Mama zetu walishuka bondeni kuchota na kupanda na ndoo kichwani. Mkorosho haujali. Mizizi yake inajitafutia yenyewe. Mti huu asili yake Brazili, Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, ukakaa miaka mingi ukiwa mti wa kivuli na wa mabibo. Mabibo ndiyo yanayotoa uraka, na kuhusu uraka sitasema zaidi kwa sababu mjomba wangu anasoma gazeti hili.

Ukawa mti wa fedha katika karne ya 20, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia. Korosho za uwanda huu ziliuzwa ghafi. Zilishuka hadi bandarini, zikavuka bahari kwenda India kubanguliwa, kisha zikaendelea hadi Ulaya na Marekani. Kwa maneno mengine, mkulima wa Newala alikuwa akimuuzia mtu asiyemwona, asiyejua jina lake, wa nchi asiyoijua, miaka mingi kabla intaneti haijazaliwa. Sisi vijana tunadhani kuuziana bila kuonana ni jambo jipya lililokuja na simu zetu. Kwetu ni kazi ya tangu enzi za babu. Kilichobadilika kila mara ni aliyesimama katikati.

Wa kwanza kusimama katikati alikuwa mwenye mizani. Bibi anakumbuka baba yake akirudi kutoka dukani akihesabu kwa vidole, anarudia hesabu, haitoki. Gunia alilolibeba kwa uzito fulani hufika kwenye mizani ya dukani limepungua, kana kwamba njiani lilivuja. Hakusoma namba zile; alisomewa. Vyama vya ushirika vilipoingia, kikubwa walichowaletea wakulima, ukiwauliza wazee, ni mizani ambayo mtu wa kwao anaisoma kwa sauti. Siasa ya ushirika ilikuja baadaye.

Miaka ya sabini naipita haraka, ingawa ndiyo inayouma zaidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, kiasi ambacho haikukifikia tena kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka huohuo wa 1973 serikali iliunda mamlaka moja ya korosho ya kununua zao lote, na Operesheni Vijiji ikawahamisha watu. Bibi alihamishwa na mtoto mgongoni. Mikorosho ya baba yake ilibaki mahame, mwendo wa saa mbili, ikamezwa na vichaka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, maua yanageuka meupe kama yaliyopakwa majivu na kudondoka. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Na katikati ya anguko hilo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda 12 vya kubangua korosho, viwili Newala na kimoja Masasi. Viwanda vilikamilika, korosho hazipo. Kuna majengo ya wakati ule yaliyoishia kuwa maghala, na huu ni mzaha wa historia ambao bado sijajua niuweke sura ya ngapi.

Kisha soko likafunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na wanunuzi binafsi wakafika hadi uani na pesa taslimu. Kwa mtu aliyekuwa akisubiri malipo ya mamlaka kwa miezi, hiyo ilikuwa ajabu. Unampa korosho, anakupa noti, mmemalizana. Bibi haisemi vibaya miaka ile. Ila anasema pia kwamba mnunuzi alikuja wakati anajua huna chumvi.

Hapo ndipo kangomba ilipopata nafasi yake. Kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa mkulima kimyakimya, nje ya mfumo, kwa kipimo kisicho mizani: bakuli, kopo, ndoo. Bakuli linaitwa kilo, lakini ukilipima si kilo, ni kilo na zaidi. Wakati mwingine korosho zinauzwa zikiwa bado maua. Mtoto anaumwa mwezi wa sita, msimu unaanza mwezi wa kumi, jirani mwenye pesa anakusaidia leo, nawe utamlipa korosho kwa bei aliyoitaja yeye. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Magazeti huandika "walanguzi" na picha ya magunia yaliyokamatwa. Katika magazeti yote niliyoyapekua maktabani, aliyeuza bakuli simkuti. Ananunua mlanguzi, kana kwamba korosho zilijitembeza zenyewe.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na msimu wa 2007/08 mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho, Mtwara ikiwa ya kwanza. Watu wakauita stakabadhi ghalani, na kwa mara ya kwanza maswali ya bibi yakapata majibu ya kimaandishi. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi. Zinapimwa, zinaangaliwa unyevu, zinawekwa daraja la kwanza au la pili, anapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu lenye leseni, nao haumilikiwi na mwenye ghala wala na chama. Ni wa mwenye karatasi. Anayetaka kununua haji uani. Anaweka zabuni. Upande wa Newala na Tandahimba wanauza kupitia chama kikuu cha TANECU, upande wa Masasi, Nanyumbu na Mtwara kupitia MAMCU.

Mjomba wangu ni karani wa mizani katika chama kimoja upande wa Masasi. Alinieleza mnada wa zamani kwa kutumia sahani ya ugali kama sanduku. Kampuni zilileta bei zao ndani ya bahasha zilizofungwa, zikatumbukizwa sandukuni. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima, bahasha moja moja, na bei ikasomwa kwa kipaza sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, kwa bei kadhaa. Mwisho mwenyekiti hutangaza bei ya juu na bei ya chini. Kisha anauliza umati kama unauza au hauuzi.

"Hapo ndipo pa kusikiliza," mjomba alisema. "Bei si kitu. Sikiliza watu wanavyojibu."

Nimeisikiliza sauti hiyo kwenye rekodi za simu za watu, na nadhani mjomba yuko sahihi. Mnada ni neno la sauti. Kunadi ni kupaza sauti. Lakini katika minada ya kawaida anayepaza sauti ni dalali, na mwenye mali husimama pembeni. Hapa mwenye mali, mwenye magunia mawili kwa matatu, anaulizwa mbele ya watu, na anaweza kusema hapana. Baba wa bibi yangu hakuwahi kuulizwa.

Karatasi haikumaliza hatari, iliihamisha. Katika miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, vyama vilikopa benki ili kumpa mkulima malipo ya kwanza anapoleta mzigo. Ya pili yalikuja baada ya mnada, na yakibaki kuna mengine, watu waliyaita majaliwa. Walijua kuchagua jina. Mzigo sasa ulikuwa salama ghalani na kipimo kilikuwa cha haki kiasi, lakini kati ya kupima na kulipwa kulikuwa na miezi, na ndani ya miezi hiyo kulikuwa na makato, riba na viongozi. Aprili 2013, Liwale, mkoa jirani wa Lindi, wakulima walipoambiwa malipo ya pili ni madogo kuliko walivyotarajia, zilizuka ghasia na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Baadaye utaratibu ukabadilishwa, mkulima alipwe mara moja, baada ya mnada, kupitia akaunti yake ya benki. Bibi alifungua akaunti akiwa na miaka zaidi ya sitini. Alama ya dole gumba kwenye fomu yake iliwekwa mara tatu, kwa sababu maganda ya korosho yalikuwa yameuchubua.

Nilikuwa kidato cha sita ulipofika msimu wa 2018, kwa hiyo niliuona kwa macho ya mtu anayesubiri pesa ya matumizi. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepanda sana. Oktoba 2018 sanduku lilipofunguliwa, bei zote zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Uwanda mzima ukasema hapana. Watu waliosimama juani tangu asubuhi waliondoka bila kuuza, na minada ikakwama. Rais John Magufuli alikutana na wanunuzi, hazikupita siku nyingi akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, na tarehe 12 Novemba akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi lizisombe. Malori ya JWTZ yakapanda uwanda. Wajomba zangu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Lakini pesa ya serikali ilikuja na swali jipya: hizi korosho ni zako kweli? Ili kuwakwepa watu wa kangomba, kamati za uhakiki zilipita kuuliza shamba liko wapi, ekari ngapi, mikorosho mingapi. Miezi ikapita. Januari 2019 serikali ikasaini mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power Solutions, kwa shilingi bilioni 418. Fedha hazikuja na mkataba ukavunjika. Nilipoisoma upya habari hii mwaka jana maktabani nilimkumbuka bibi. Safari hii mzigo ulikuwa ghalani, umepimwa, una walinzi wenye sare. Kilichokosekana ghalani kilikuwa pesa ya mnunuzi. Niliona haya yangu ya shilingi 310,000 yakipungua kidogo.

Kuhusu uhakiki nilimhoji bibi mara mbili. Mara ya kwanza alinijibu kama anavyomjibu mtendaji wa kijiji. Mara ya pili, jioni, akimenya ming'oko, alisema, "Zima hiyo simu kwanza."

Septemba 2018, kabla vyama havijafungua mizani, shule ilitaka michango yangu na nauli. Bibi aliuza korosho zake za kwanza kwa jirani, kwa bakuli. Zilijaa magunia mawili yakimwagika. Pesa niliyorudi nayo shuleni ndiyo hiyo. Uhakiki ulipoanza, jirani yule alikuwa na magunia mengi kuliko mikorosho yake, na kila mtu alijua maana yake. Alikuja usiku. Alimwomba bibi amsaidie kupeleka magunia mawili chamani kwa jina lake bibi, kama mazao yake.

"Ukakubali?"

"Si yalikuwa yangu?"

Kamati ilimkuta ana mikorosho ya kutosha kwa magunia yote. Kwa sheria alidanganya. Kwa hesabu za shamba lake alisema kweli tupu. Alipolipwa, alimkabidhi jirani pesa ya magunia mawili kwa bei ya serikali, shilingi 3,300 kwa kila kilo, mali aliyokuwa ameiuza kwa bakuli. Nilimuuliza kama aliona uchungu. Akasema uchungu aliuona Septemba, huu mwingine ulikuwa karatasi tu. Sehemu hii nimeruhusiwa kuiandika kwa sharti la kutotaja kijiji.

Watu wa dunia nyingine walikumbana na swali hilohilo kwa njia yao. Septemba 1995 Pierre Omidyar alifungua mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay, na bidhaa inayosimuliwa kuwa ya kwanza kuuzwa ilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu, kwa dola 14.83. Mwenyewe alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua kwamba ni mbovu. Alijua, alikuwa anakusanya mbovu. Ni kisa cha kuchekesha, lakini ona kilichofanyika: muuzaji alisema ukweli kuhusu daraja la mzigo wake. Watu walipozidi na ukweli ulipopungua, mwaka uliofuata wakaweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana sifa hadharani. Karibu nasi, mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969 uliendeshwa kwa mdomo na nyundo hadi korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wakauhamishia kwenye kompyuta. Uliwezekana kwa sababu sampuli za chai zilikuwa zimeshaonjwa na maboksi yalikuwa ghalani. Mtandao ulichukua nafasi ya ukumbi, si ya ghala. Mimi nilikuwa nimenunua kwenye ukumbi mtupu.

Basi ikafika zamu yetu. Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo kila mtu huliita TMX, lilianzishwa mwaka 2014 na lilikuwa limeshauza ufuta na mbaazi kwa njia ya kielektroniki. Tarehe 11 Oktoba 2024 likaendesha mnada wa kwanza wa korosho za TANECU katika msimu huo, na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mnunuzi hahitaji tena kuja na bahasha. Anasajiliwa, anaona orodha ya mizigo kwa ghala, tani na daraja, anaweka bei akiwa popote. Muda ukiisha mfumo unafunga na bei zinatokea kwenye skrini mbele ya wakulima.

Nilikwenda na bibi mwezi Novemba, mnada mwingine, uwanja wa chama kimoja wilayani Newala. Skrini ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, imefunikwa turubai kuzuia jua. Nyuma yake jenereta inanguruma. Wazee walikaa mbele, vijana wakasimama juu ya magunia ya katani matupu. Kulikuwa na utulivu usio wa kawaida, kama darasani siku ya mtihani, watu mia kadhaa wakiangalia saa inayorudi nyuma. Mtandao ulikatika mara moja. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Wameanza," watu wakacheka, ila si kicheko cha mzaha. Ukarudi.

Nilimuuliza mjomba, aliyekuwa amepanda kutoka Masasi kuona, kama skrini ni bora kuliko sanduku. Alifikiri. Bahasha ilibebwa na mtu, akasema, na mtu anaweza kukutana na mtu mwenzake njiani wakasomeana. Bei ya skrini hutoka mbali na aliyeiweka haonekani hapa, kwa hiyo ni vigumu mtu wa hapa kuichezea. "Lakini wakipigiana simu huko waliko, skrini itasikia?" Sikuwa na jibu. Nadhani hakuna programu yenye jibu hilo, ndiyo maana namwamini zaidi mwenyekiti anayeuliza swali la mwisho kwa mdomo.

Saa ikaisha. Namba zikapangwa. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti na kuzisoma zote, ingawa zilikuwa zinaonekana, kwa sababu nusu ya uwanja hausomi. Akafika mwisho: bei ya juu, bei ya chini. Zilikuwa chini ya zile za mnada wa kwanza. Watu wakaguna. Akauliza kama tunauza.

Nilimtazama bibi. Katika tasnifu yangu nimeandika kurasa kumi na moja kuhusu haki ya mkulima kukataa bei, na mfano wangu mkubwa ni 2018. Bibi alikuwa ameshainua mkono. Aliinua mapema, wa kwanza katika safu yetu, huku wenye magunia mengi wakiwa bado wanashauriana. Baadaye njiani nikamuuliza kwa nini hakungoja kidogo. Akaniambia kungoja ni kwa mwenye kitu ndani. Mkono wake ule ndio unaofanya kangomba isife, na ndio unaofanya bei ya chini iwe ya chini. Sijui ningemfundisha nini kuhusu hilo, mimi ambaye ada yangu ilitoka humo.

Ujumbe wa benki uliingia kwenye simu yake siku kadhaa baadaye, tukiwa tumekaa chini ya mkorosho. Akanipa nisome. Nikasoma. "Soma tena, na namba iliyotuma isome." Nikasoma na namba. Hakuridhika. Siku iliyofuata tulikwenda mjini Newala, akapanga foleni dirishani, akauliza salio kwa mdomo, akatazama midomo ya yule binti wa benki akilitaja. Hakutoa hata shilingi. Alitaka kujua tu kama mzigo upo.

Jioni mjomba alipiga hesabu kwenye karatasi, kilo kwa bei, ondoa makato, na akakuta haziendani na ukubwa wa shamba. Korosho zilizookotwa mwaka huu zingepaswa kuwa nyingi zaidi, alisema, angalau magunia mawili. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia dada yake mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyemlea.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akasema mwaka huu ubwiri umekula sana upande wa bondeni. Nilikuwa nimepita upande wa bondeni asubuhi ile, mikorosho imenawiri. Mwezi wa tisa nilikuwa nimenunua kompyuta nyingine, safari hii dukani, na risiti ninayo.